Mbwa Kumi na Wanne wa Ghuba ya Ánimas

Punta Arenas, 11 Machi 1996

Mwanangu Edelmira,

Nimekuficha jambo kwa karibu miaka thelathini na tisa. Naliandika hapa juu, kabla hata ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, na bahasha itafungwa jambo likiwa bado ndani yangu.

Sasa salamu. Mama yako hajambo? Mwambie shemeji kwamba kome wa moshi alionitumia walifika, na kwamba mwenye posta alilalamikia harufu hadi nilipompa fungu lake. Mimi natembea kutoka kitandani hadi kwenye jiko la kuni, na kutoka jikoni hadi dirishani. Hiyo ndiyo jiografia yote niliyobakiwa nayo. Daktari anasema mapafu yamebaki robo. Wiki iliyopita upepo uling'oa bati la jirani ukalitua kwa Doña Zunilda, naye amegoma kulirudisha mpaka aombwe radhi kwa kushtuliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Najua Tume ya Majina ya Kusini imewaandikia, maana hata mimi imeniandikia. Wanataka ile rasi iliyo karibu na kituo chetu cha zamani, kule kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, iitwe Rasi Belisario Oyarzo. Ninyi mnatakiwa mtie sahihi kama warithi wake. Mimi, kama kaka yake na mkuu wa kituo wakati ule, natakiwa nithibitishe maneno yatakayochongwa: "Alifariki Agosti 1957 akipima mwendo wa barafu kwa ajili ya sayansi."

Baba yako hakuwa akipima barafu. Siku ile hakubeba hata chombo kimoja cha kupimia. Alibeba bisibisi na spana.

Nikipata nguvu nitaendelea. Usimwonyeshe mama yako barua hii.

Baba yako mkubwa,
Anselmo


Castro, 2 Aprili 1996

Baba mkubwa, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mvua haijakatika tangu Jumapili ya Matawi, na viazi vya mwisho tumevichimba kwenye matope. Magoti ya mama yanamsumbua, lakini bado anapanda ngazi ya kanisa bila kushikwa, na ole wake atakayejaribu kumshika. Don Celindo, yule fundi wa mashua aliyemposa miaka ishirini na tano iliyopita, alizikwa mwezi uliopita. Mama alikwenda mazikoni, akarudi, akakoka moto. Unajua kwa nini alimkataa. Padre wa wakati ule alimwambia hakuna mwili, hivyo angoje. Mpaka alipokuja padre mwingine mwenye huruma, mama alikuwa amekwishazoea kungoja.

Barua ya Tume tunayo. Wameandika vizuri, kwa karatasi nzito. Sherehe ni Novemba na sahihi zetu ziwe zimefika kwao ifikapo tarehe 15 Oktoba. Mwalimu mkuu anataka shule yetu nayo ipewe jina la baba.

Baba mkubwa, kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la nne kuchora ramani ya nchi yetu pamoja na kile kipande cha pembetatu cha huko kwenye barafu. Nawaambia baba yangu yumo mle. Huwa wanakipaka rangi nyeupe, na mmoja lazima aniulize kwa nini tunapaka rangi nyeupe kwenye karatasi nyeupe.

Sasa unaniambia spana. Spana ya nini?

Mwanao,
Edelmira


Punta Arenas, 19 Mei 1996

Mwanangu,

Nisamehe kimya hiki. Nililazwa siku kumi na tisa. Pole kwa msiba wa Don Celindo; nilikuwa nikimheshimu. Doña Zunilda alinitembelea hospitalini na chupa ya jamu ya kalafate, lile tunda la porini la huku, akanikumbusha kwamba anayekula kalafate lazima arudi Patagonia. Nikamwambia mimi sijawahi kuondoka. Akasema, "Basi kula uondoke, tupumzike." Ndiye rafiki niliyebaki naye.

Spana. Wewe ni mwalimu, nitakueleza kama tuko darasani. Mwaka 1957 ulitangazwa kuwa mwaka wa sayansi wa dunia nzima, na mataifa yakakimbilia kusini na vipimajoto vyao. Nasi tukakimbia. Lakini kipimajoto ni kigingi, mwanangu. Unakichomeka barafuni, unasoma namba kila baada ya saa tatu, mwaka hadi mwaka, kisha siku moja unasimama mbele ya mahakimu na kusema: hapa ni kwangu, tazameni nilivyopaangalia. Waingereza wa ng'ambo ya ghuba walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Kila kiangazi mkuu wao, Hallam, alinikabidhi karatasi ya kunijulisha kwamba nimeingia ardhi ya malkia wake bila ruhusa. Nami nilimkabidhi ya kwangu kwamba ameingia ardhi ya jamhuri yangu bila ruhusa. Kisha tulikunywa pamoja. Kila siku saa kumi na moja jioni tulifungua redio tukasomeana hali ya hewa, maana dhoruba haikuwa na uraia. Kihispania cha Hallam kilikuwa kama cha mtoto wa miaka mitano mwenye adabu.

Kila kitu kilikuwa na kanuni. Kanuni ya saba ilituambia tusiwaombe Waingereza ruhusa, chakula wala msaada wowote, kwa sababu anayepiga hodi amekubali kwamba nyumba ina mwenyewe. Tulikuwa tukiicheka kanuni ile mezani.

Kwenye rasi, Waingereza walikuwa wamejenga rundo la mawe na kufunga juu yake bamba la shaba lenye jina la malkia. Mji mkuu ukaniagiza niliondoe. Tarehe 8 Agosti asubuhi nikamtuma baba yako pamoja na Ulloa, mpishi wetu. Wakalala rasini, na alfajiri ya tarehe 9 wakalifungua, wakalitia ndani ya mkoba wa baba yako. Walipokuwa wanarudi, theluji ilivunjika chini ya miguu yake, naye akatumbukia ndani ya ufa wa barafu. Ulloa alirudi peke yake. Dhoruba ikapiga siku tatu. Tulipofika, ufa ulikuwa umejaa theluji.

Hiyo ndiyo siri yangu. Baba yako alikufa kwa ajili ya bamba la shaba ambalo hata mkate huwezi kuokea juu yake. Nimesema. Sasa nitalala.

Anselmo


Castro, 10 Juni 1996

Baba mkubwa, shikamoo.

Nafurahi umetoka hospitalini. Mama anakutumia soksi za sufu, kazi ya mikono yake. Mbao za paa letu zimeoza upande wa kusini, majirani watakuja Jumamosi kutusaidia kuzibadilisha, na kwa hiyo nyumba nzima inanuka nyama ya nguruwe na vitunguu tangu leo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika kwa niaba yako. Mara ya tatu niliisoma kama ninavyosoma insha za watoto, na kalamu nyekundu mkononi.

Unasema mji mkuu ulikuagiza. Kwa njia gani? Meli haifiki huko Agosti; wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hilo, nikiwa na miaka tisa, kwa kunionyesha bahari ikiganda kwenye sinia. Kama agizo lilikuja kwa redio, wewe uliyehifadhi hata risiti za viatu vya shule ulivyoninunulia ungekuwa na nakala. Unayo?

Na jambo la pili. Umeandika "akatumbukia". Umeandika "Ulloa alirudi peke yake". Katikati ya sentensi hizo mbili pana nafasi. Ulloa alipoondoka pale, baba alikuwa amekwisha kufa?

Sijamwambia mama. Lakini ananiona nikisoma.

Edelmira


Punta Arenas, 27 Julai 1996

Mwanangu Edelmira,

Soksi zimefika na zimevaliwa. Mpe shemeji shukrani. Barabara zimekuwa kioo, na manispaa imefunga kamba pembeni ili watu wazima wajishike. Mimi naziangalia tu kutoka dirishani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitafuta njia ya kujibu nusu ya maswali yako, nikaikosa.

Nakala sina. Agizo halikuwepo. Wazo lilikuwa langu. Machi ya mwaka uliofuata mawaziri walikuwa wakutane kuzungumzia nani ni mwenye ile ardhi, nami niliona jinsi nitakavyoshuka melini na lile bamba nimelifunga kwenye blanketi, niliweke juu ya meza ya waziri. Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Nilijiona naitwa mkurugenzi. Na kweli, baadaye niliitwa.

Baba yako hakutaka. Tulikuwa tunakunywa yerba mate, ile chai chungu ya kibuyuni, wengine bado wamelala. Mbele ya watu aliniita Bwana Kipimajoto, na tulipokuwa wawili aliniita hivyo hivyo.

"Bwana Kipimajoto, leo umeamka kaka yangu au umeamka serikali?"

"Nimeamka mkuu wako."

"Basi, mkuu wangu, mwambie kaka yangu kwamba lile bamba halimuumi mtu. Limekaa pale linakula upepo. Na Hallam amenipa soksi majuzi. Nikamwibie mtu aliyenipa soksi?"

"Humwibii yeye. Unamwondolea malkia wake kitu kilichowekwa kwetu."

"Malkia hajanipa soksi, ni kweli." Akacheka. "Lakini ule upande wa rasi una nyufa, Anselmo. Tungoje Septemba."

Nikamwambia neno ambalo marehemu mama yetu alikuwa akimtania nalo utotoni, kwamba yeye aliumbwa kwa ajili ya kukaa jikoni na wanawake akimenya viazi. Mama alikuwa akilisema kwa mapenzi. Mimi sikulisema kwa mapenzi. Baba yako akaweka kibuyu cha chai mezani na kuvaa buti.

Swali lako la pili. Hakuwa amekufa. Alikuwa amevunjika mguu, kama mita kumi chini, na alikuwa anaongea. Ulloa alimshushia blanketi na fataki za ishara, akamwambia anakwenda kuita watu. Baba yako akamjibu, "Usikimbie, utaanguka na wewe, halafu tutapikiwa na nani?"

Tulikuwa watu watano kituoni, mmoja mgonjwa wa kifua, na kutoka kituoni hadi rasini ni mwendo wa saa saba kwa miguu. Kisha ikaja dhoruba. Mtu hawezi kushindana na dhoruba ya kule, Edelmira. Muulize yeyote aliyewahi kufika.

Sasa unajua yote.

Anselmo


Castro, 25 Agosti 1996

Baba mkubwa,

Shikamoo. Tu wazima.

Mama amejua. Sikumwambia mimi. Aliingia chumbani, akaniona na barua yako ya Julai, akaketi kitandani na kusema, "Shemeji amefika wapi?" Kama mtu anayeuliza habari za basi. Nikamsomea zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kufungua lile sanduku la baba ulilotuletea wewe mwenyewe Februari 1958, akatoa soksi moja nene ya kijivu, ya kizungu. Ndani yake mlikuwa na barua. Kumbe amekuwa nayo miaka yote hii na hajamwonyesha mtu.

Ni barua ya baba kwa mama, ya tarehe 3 Agosti 1957, haikumalizika. Nakunakilia sehemu yake:

"Katikati ya baridi Waingereza walitualika kula kwao. Anselmo alitoa karatasi yake ya malalamiko kabla ya supu, halafu akaomba supu zaidi. Wana mbwa kumi na wanne wa kukokota, Uberlinda, wakubwa kama ndama. Hallam anajivunia kwamba wanaweza kuvuka ghuba na kufika rasini kwa saa mbili. Kuna kitoto kimoja cheusi wamekipa jina langu, Beli. Mwambie Edelmira kwamba baba yake amekuwa mbwa wa Kiingereza."

Baba mkubwa, umeniandikia barua tatu juu ya siku ile. Mna mawaziri, soksi, viazi, mpaka neno la bibi. Hamna mbwa hata mmoja.

Mama alikunja ile barua akairudisha ndani ya soksi. Akaniambia, "Muulize shemeji kuhusu mbwa." Kisha akasema atatia sahihi ya Tume, na mimi nitie, na rasi iitwe wanavyotaka, kwa sharti moja: umwandikie yeye sentensi moja kwa mkono wako, kwamba hakukuwa na la kufanya. Sentensi hiyo tu. Hataki maelezo. Anasema ukiiandika ataiamini, kwa sababu amechoka.

Kumbuka ni tarehe 15 Oktoba.

Edelmira


Castro, 28 Septemba 1996

Baba mkubwa,

Sijapata jibu. Nilimpigia simu Doña Zunilda kupitia dukani. Anasema uko hai na unamfokea. Mama amepiga pasi gauni lake la sherehe, kisha amelitundika mlangoni, na kila anayepita analisukuma kando. Fomu ziko mezani chini ya sahani ya sukari.

Ni sentensi moja tu.

Edelmira


Punta Arenas, 5 Oktoba 1996

Mwanangu Edelmira,

Wasalimu wote hapo nyumbani. Habari za huku sina. Sijatoka kitandani tangu mwezi uanze, na barua hii naiandika juu ya sinia. Itapelekwa na Doña Zunilda hadi uwanja wa ndege kwa mkono wake, maana posta siiamini tena. Mama yako hataki maelezo, lakini hiyo sentensi siwezi kuiandika. Nimejaribu tangu Septemba. Karatasi nne ziko jikoni zimekuwa majivu.

Mara ya kwanza nilikuambia usimwonyeshe mama yako. Hii msomee. Msomee kwa sauti, usiruke neno.

Kitabu cha hali ya hewa cha siku ile kiko kwenye makumbusho, kwa mwandiko wangu. Mtu yeyote anaweza kukisoma, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja jioni: upepo hafifu, mbingu wazi, naona mbali. Dhoruba ilianza saa sita usiku. Ulloa alifika kituoni saa kumi jioni, midomo imepasuka. Kwa hiyo zilikuwapo saa nane. Mbwa wale walihitaji mbili.

Nilipata saa nzima ya kufikiri kabla ya redio. Ulloa alisimama nyuma ya kiti changu hajavua hata kofia. Alisema, "Mkuu, wapigie." Nikamwambia kuna kanuni. Akasema, "Kanuni tunaicheka kila siku, mkuu." Lakini haikuwa kanuni. Kanuni ilikuwa blanketi la kujifunika. Ndani ya mkoba wa baba yako mlikuwa na lile bamba. Mbwa wakifika, Hallam angemtoa ndugu yangu kwenye ufa, na malkia wake angetoka pamoja naye. Angeliandika katika daftari lake: mwizi ameokolewa. Mawaziri wangekutana Machi na daftari lile mezani, mahali nilipotaka mimi niweke bamba langu. Nikajiambia Belisario ana blanketi, ana fataki, ni kijana. Nikajiambia asubuhi tutakwenda wenyewe kwa miguu, na hakuna atakayejua.

Miaka miwili baadaye mataifa yote, la kwetu na la kwao, yalitia sahihi mkataba kwamba huko kusini kila mmoja aweke madai yake mfukoni na apime barafu kwa amani. Mimi nilikuwa ukumbini nimevaa tai. Walipiga makofi kwa muda mrefu, nami nikapiga nao. Ulloa hakuwahi kusema nami tena, na hakumwambia mtu. Alikufa Talcahuano, akiwa bado mpishi. Bamba liko chini na baba yako. Na sasa Tume inataka jina lake lichongwe juu, kwa sababu ramani za Waingereza zina jina jingine pale. Wanataka wamtume mara ya pili. Sahihi ni yenu, si yangu. Lakini mimi nimewaandikia kwamba sithibitishi.

Limebaki moja, na ndilo. Mmedhani mimi sikuwaita Waingereza. Kama ingekuwa hivyo tu, labda ningeiandika sentensi ya shemeji.

Sikuhitaji kuwaita. Saa kumi na moja kamili Hallam alifungua redio yeye kabla yangu, na hakusoma hali ya hewa. Alisema wameona fataki nyekundu ikiruka upande wa rasi, kisha nyingine. Nyuma yake nilisikia mbwa, wote kumi na wanne, wanapiga kelele kama wanavyofanya wakishafungwa kamba za kukokotea. "Don Anselmo," akasema, "mbwa tayari. Mtu wako amepotea? Wewe sema neno moja tu, sisi tunakwenda."

Nilisema zilikuwa fataki za zamani, tunazijaribu.

 Akauliza tena, polepole, akichagua kila neno la Kihispania kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Don Anselmo, watu wako wote wamo ndani?"

Nikabonyeza kitufe, Ulloa akiwa nyuma yangu, nikamjibu: "Wote wamo ndani."